Mbeya na Dar kwa ndege: kilomita ngapi, dakika ngapi, na kwa nini majibu hayafanani

Shangazi yangu wa Uyole, Mbeya, alipangiwa kliniki Dar es Salaam, Jumatano saa nne asubuhi. Mgongo wake hauvumilii tena kukaa kwenye basi kutwa nzima, kwa hiyo wanawe wakachangishana nauli ya ndege. Jioni moja akanipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba ya haraka, akaingia kwenye lililompeleka.

"Hawa ndugu zako wananichanganya. Mmoja kaangalia kwenye simu, anasema Mbeya na Dar ni 373. Mwingine 430. Huyu mdogo anasema 691, halafu akafungua kwingine akakuta 672. Na muda ndiyo usiseme: huyu dakika hamsini na mbili, yule saa moja na dakika ishirini. Sasa mwanangu, mie nishike lipi?"

Nikamwambia hakuna aliyemdanganya, yote ni kweli. Akanyamaza, kisha akasema atanipigia tena nikiwa nimetulia. Basi nimetulia, na haya ndiyo niliyomweleza, kwa urefu ambao muda wa maongezi haukuruhusu.

Yale matatu ya kwanza ni umbali mmoja uliovaa nguo tofauti. Kilomita 691 ni sawa na maili 430 za nchi kavu, na ni sawa na maili 373 za baharini. Rubani na mwongoza ndege hutumia hizo za baharini. Zinatokana na umbo la dunia yenyewe: ukiizungusha kamba dunia kupitia ncha zake mbili, ukaigawa kamba hiyo digrii 360, kisha kila digrii ukaikata vipande 60, kipande kimoja ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Vipande vyote ni 21,600. Zidisha, utapata kilomita 40,000 hivi, mzingo wa dunia. Kwa mtu anayesoma ramani yenye mistari ya latitudo, kipimo hicho kinamrahisishia kazi. Kwa abiria aliyezoea vibao vya kilomita vya pale Igawa au Chimala, kinamchanganya tu, hasa pale tovuti inapoandika namba bila kusema ni maili ya aina gani.

Ile 672 ina kisa kingine. Miaka mingi ndege za Mbeya zilitua katikati ya jiji, kwenye uwanja wa zamani ulio kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, milima ikiwa karibu. Desemba 2012 uwanja wa Songwe ulianza kazi, nje ya jiji, ukiifuata barabara ya Tunduma baada ya Mbalizi. Ndege ya Dar inaufikia ikitokea mashariki, kwa hiyo siku hizi inalipita jiji kabla ya kutua. Tovuti inayopima hadi uwanja wa zamani inakupa kilomita 672. Inayopima hadi Songwe inakupa 691. Nyingine hupima kutoka katikati ya jiji moja hadi katikati ya jingine, nayo ikapata namba yake, 683 au karibu na hapo. Kwa hiyo kabla ya kubishana juu ya umbali, ulizaneni kwanza: kutoka wapi hasa, hadi wapi hasa?

Namba hizo zote hupimwa kwa mstari ulionyooka juu ya dunia iliyo duara, na hapo watu wengi hudhani kuna fumbo kubwa. Chukua boga na uzi. Weka kidole juu ya boga sehemu moja, kingine sehemu nyingine, kisha uvute uzi mpaka ukaze. Njia uliyoifuata uzi ndiyo fupi kuliko zote, na ni kipande cha duara kubwa kabisa linaloweza kulizunguka boga hilo. Kwenye safari ndefu jambo hili lina uzito: ndege ya kutoka London kwenda Los Angeles inapanda kaskazini hadi karibu na Greenland, na kwenye ramani ya ukutani inaonekana kama imepotea, kumbe ndiyo inafupisha. Lakini kati yetu na Dar, umbali ni mdogo na tuko karibu na ikweta. Hata ukiichukulia dunia kuwa bapa kama sinia, hesabu yako haitakosea hata kilomita moja. Boga tuliweke kando.

Kinachovutia zaidi ni kilicho chini ya mstari huo.

Barabara ya Dar hadi Mbeya ni kilomita 830 hivi. Mstari wa angani ni 690. Zile 140 zimekwendea wapi? Barabara inatoka Dar kwenda Chalinze na Morogoro, ikibaki upande wa kaskazini, kwa sababu katikati kuna Milima ya Uluguru. Baada ya Mikumi inateremka kusini magharibi, inafuata bonde la Ruaha Mkuu hadi Ruaha Mbuyuni, inaupanda Mlima Kitonga kwa kona ambazo kila dereva wa lori anazijua kwa majina yake, inafika Iringa, inapita Mafinga. Halafu inafanya jambo ambalo abiria wa basi hawalioni lakini ramani inaonyesha wazi: inakwenda kusini mpaka Makambako, kisha inageuka kaskazini magharibi kurudi Igawa na Chimala ndipo ikaelekea Uyole. Mstari wa ndege haugusi Makambako. Unaiacha kilomita 50 hivi upande wa kusini.

Ukikaa dirishani siku isiyo na mawingu, ukitokea Songwe, utaliona jiji likiwa chini ya Mlima Loleza, kisha bonde la Usangu linafunguka, na mashamba ya mpunga ya Mbarali yamekatwa miraba miraba, yenye maji yanayomeremeta kama mabati mapya. Baadaye unakuja msitu wa miti ya kupandwa karibu na Mafinga, wenye kijani kizito kisichofanana na pori. Halafu Udzungwa, mikunjo mikunjo, na bonde la Kilombero upande wa kulia. Uluguru inabaki kushoto. Sijawahi kuchoka kutazama njia hiyo. Mtu aliyeipita kwa basi mara ishirini, akiiona kutoka juu mara moja, ndipo anaelewa kwa nini basi linakawia. Na kwa kuwa basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, hata lisingesimama popote, hata kula, kilomita 830 zingelitaka karibu saa kumi na nusu.

Sasa muda. Hapa ndipo uongo usio wa makusudi ulipo, kwa sababu kilomita ni mali ya ardhi lakini dakika ni mali ya ndege, ya hewa na ya ratiba.

Tovuti nyingi zinapiga hesabu kwa kasi moja ya kukisia. Zikichukua kilomita 800 kwa saa, 691 gawanya kwa 800, zinapata dakika 52. Kasi hiyo ni ya jeti. Lakini njia hii hupita pia ndege za pangaboi, yaani za propela, na hata hizo hazilingani. ATR 72 inakwenda kilomita 510 hivi kwa saa ikiwa imeshatulia juu. Dash 8 Q400, zile ambazo shirika la taifa lilianza kuzipokea mwaka 2016, zinafika 667. Airbus A220, iliyokuja baadaye na ni jeti, inakaribia 830. Kwa kugawanya tu, ya kwanza inahitaji dakika 81, ya pili 62, ya tatu 50. Unaona jinsi dakika hamsini na saa moja na dakika ishirini zinavyoweza kutofautiana bila mtu kukosea. Kwa hiyo swali la pili la kuuliza ni ndege ya aina gani, na mara nyingi tiketi yenyewe imeandika.

Hata hivyo hakuna ndege inayokwenda kasi yake kamili tangu inaruka mpaka inatua. Inapanda polepole na kushuka polepole. Marubani wana kanuni ya mkononi: kwa kila futi 1,000 unazotaka kushuka, anza ukiwa umebakiza maili tatu za baharini. Tuseme pangaboi iko futi 25,000 ikienda Dar, na Dar iko karibu usawa wa bahari. Inabidi kushuka karibu futi zote 25,000, yaani ianze ikiwa imebakiza maili 75, kilomita 139, ikiwa ndiyo kwanza inaiacha Uluguru. Ndege hiyo hiyo ikirudi Mbeya inashuka kidogo, kwa sababu Songwe yenyewe iko juu, futi 4,400 hivi. Inabaki na futi 20,600 za kushuka, maili 62, kilomita 115. Hapo ndipo masikio yanaanza kuziba, na ukichungulia utakuta uko karibu na Rujewa. Jeti inayopaa futi 38,000 inapaswa kuanza kushuka mapema zaidi, kwa hiyo kwenye safari fupi kama hii sehemu kubwa ya faida ya kasi yake inaliwa na kupanda na kushuka. Zile dakika 12 inazomzidi Q400 kwenye karatasi hazifiki zote kwa abiria.

Kimo cha nyanda zetu kina kazi nyingine. Kila mama wa Mbeya aliyehamia Dar anajua kwamba maharage yale yale yanaiva upesi zaidi pwani. Sababu ni kwamba kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi, na maji yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage yanapikwa kwa joto dogo. Hewa hiyo hiyo ndiyo ambayo bawa la ndege linaitegemea ili kuinuka, na ndiyo ambayo injini inaivuta ndani. Ikiwa nyepesi, ndege lazima ikimbie zaidi ardhini kabla ya kuinuka, na jua la mchana likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Ndiyo maana njia ya kurukia ya Songwe ina urefu wa mita 3,330. Si anasa, ni gharama ya kuishi juu.

Halafu upepo. Fikiria mtumbwi kwenye mto Kilombero. Mpiga kasia ana nguvu zile zile, lakini akifuata mkondo anafika mapema, akiupanda anachelewa. Ndege nayo inapima kasi yake ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Pepo za kusi zinatoka kusini mashariki, kwa hiyo zikiwa zinavuma, anayekwenda Dar anazipokea usoni kwa sehemu, na anayerudi Mbeya zinamsukuma. Huko juu upepo hubadilika kwa kimo na kwa msimu, lakini kanuni ni ile ile.

Watu wengi huamini kwamba ukienda na kurudi upepo unafidia, yaani ulichopoteza kwenda unakipata kurudi. Sivyo, na hesabu yake ni fupi. Chukua kilomita 690 na ndege ya kilomita 600 kwa saa. Bila upepo ni dakika 69 kwenda na 69 kurudi, jumla 138. Sasa weka upepo wa kilomita 60 kwa saa. Ukikusukuma unakwenda 660, unatumia karibu dakika 63. Ukikupinga unakwenda 540, unatumia karibu 77. Jumla inakuwa kama dakika 140. Umepoteza, kwa sababu upepo wa kukupinga unakaa nao muda mrefu zaidi kuliko ule wa kukusaidia. Dakika moja au mbili kwetu si kitu, ila kwa ndege inayovuka bahari hilo ni mafuta ya maana.

Upepo pia unaamua ndege iruke ikielekea wapi, maana ndege huruka na kutua ikiukabili. Njia kuu ya uwanja wa Julius Nyerere inalala kutoka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki. Upepo ukitoka kusini magharibi, ndege ya Mbeya inaruka karibu ikielekea kwetu kabisa. Ukitoka kaskazini mashariki, inaruka ikiipa Mbeya mgongo, ndipo igeuke. Songwe njia imelala mashariki hadi magharibi, kwa hiyo upepo wa mashariki unamlazimu rubani aupite uwanja kwanza, azunguke, arudi kutua. Wageni hushtuka wakiuona uwanja unapita dirishani. Ni dakika chache tu.

Na muda ulioandikwa kwenye tiketi si muda wa kuwa hewani. Unahesabiwa tangu ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa mpaka inapoegeshwa tena upande wa pili. Ndani yake mna kutambaa kwenda kwenye njia ya kurukia, kusubiri zamu, na dakika za akiba. Ile saa moja na dakika ishirini ya binamu yangu ni hiyo. Hamsini na mbili ni ya kikokotoo. Hewani kwa kweli, kwa pangaboi ya haraka, tegemea saa moja na dakika chache.

Tiketi ina mtego mwingine ambao umewaumiza wazee wengi. Inaandika 06:40, na hiyo ni saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, si saa sita na dakika arobaini. Tafadhali msomeeni mzazi wenu tiketi kwa saa za Kiswahili, na mwandikie pembeni kwa kalamu. Kwa anayevuka mpaka, Lusaka na Lilongwe wako nyuma yetu saa moja, kwa hiyo safari ya kwenda inaonekana fupi kwenye tiketi na ya kurudi inaonekana ndefu, ilhali ni ile ile. Ndani ya nchi saa ni moja, ingawa jua halijali: linachomoza Dar kama dakika 23 kabla ya Mbeya, kwa sababu tumetengana karibu digrii sita za longitudo na kila digrii ni dakika nne.

Kuhusu shangazi, nilimsihi aende Jumanne, si Jumatano alfajiri. Alidhani namtia gharama ya bure, maana ndege ni saa moja tu na kliniki ni saa nne. Nikampigia hesabu kwa sauti. Kutoka Uyole hadi Songwe unalivuka jiji zima, Mwanjelwa, Iyunga, Mbalizi, kwenye barabara ile ile inayobeba malori ya Tunduma, na inayopanuliwa. Lori moja likiharibika, saa imekwenda. Kaunta inataka ufike mapema na inafungwa mapema. Ukitua Dar kuna kusubiri begi, kisha foleni ya mjini.

Jumanne ile tulikuwa Songwe kabla jua halijachomoza. Mvua za Machi zilikuwa zimelaza ukungu uwanjani, na kutoka kwenye viti vya abiria hatukuiona hata njia ya kurukia. Saa mbili kasoro tukaisikia ndege. Mngurumo ulikuja kutoka upande wa Mbalizi, ukakua mpaka vioo vikatetemeka kidogo, kila mtu akasimama na mzigo wake. Kisha sauti ikabadilika, ikawa nzito, ikapanda, ikaanza kwenda mbali. Ikarudi mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu haikurudi. Mzee mmoja akauliza, "Imetuacha?"

Ilikuwa imefanya inavyotakiwa. Kila uwanja una kimo kilichowekwa, na rubani akikifikia bila kuiona njia haruhusiwi kushuka zaidi. Anaongeza nguvu na kupanda. Kwa sababu hiyo ndege haibebi mafuta ya kufika Songwe tu. Inabeba ya kufika, ya kwenda uwanja mwingine, na ya dakika 30 zaidi juu ya hapo. Ile ya kwetu ilirudi Dar. Na kwa vile ndege moja hufanya safari kadhaa kwa siku, ukungu wa asubuhi Mbeya unaweza kumchelewesha jioni abiria wa mkoa mwingine ambaye hajawahi kuuona ukungu wetu. Nililomlaumu mtu siku ile ni kukaa kimya: hakuna aliyesimama mbele ya wale wazee kuwaeleza kilichotokea, na kusingegharimu kitu.

Ukungu uliinuka karibu saa nne. Ndege ikatua saa saba mchana, shangazi akapanda, akafunga mkanda, nami nikarudi zangu nyumbani.

Usiku akanipigia kutoka kwa binti yake Kimara. Alikuwa ameazima saa ya mkononi ya mjukuu wake kwa kazi hiyo, na aliandika nyuma ya tiketi. Tangu magurudumu yalipoachana na ardhi ya Songwe mpaka yalipogusa ya Dar, dakika 66. Tangu alipofunga mlango wake Uyole mpaka alipovua viatu Kimara, saa kumi na dakika ishirini.

"Kesho nakwenda kliniki nimelala," akasema. "Sasa nambie ile ya upepo tena, ya kurudi."